Maboya Mawili au Matatu: Boti Ipi kwa Familia ya Kigoma?

Boti mbili zinazouzwa hapa Kigoma zimeigawanya familia yetu kwa zaidi ya mwezi mmoja sasa. Zote ni boti za maboya ya alumini (mirija minene iliyozibwa ncha zote, yenye hewa ndani), zote zina urefu wa futi 22, yaani karibu mita 6.7, na zote zina sitaha bapa iliyozungushiwa kingo, turubai la kivuli na usukani upande wa kulia. Anayezitazama kutoka mbali anaweza kudhani zilitoka kiwandani siku moja. Ya kwanza, ambayo nitaiita ya buluu kwa sababu ya rangi ya kingo zake, inaelea juu ya maboya mawili na ina injini ya farasi 60. Ya pili, ya kijivu, ina maboya matatu ya unene uleule na injini ya farasi 90, na mwenye nayo anadai bei inayokaribia mara moja na nusu ya ile ya buluu. Sisi ni ndugu wanne tunaochangia ununuzi, na tunataka chombo kimoja kifanye kazi mbili: kuwapeleka wazazi, wake, waume na watoto ufukweni siku za mapumziko, na kuwapeleka wachache kati yetu kuvua kwa mshipi alfajiri. Kaka mkubwa yuko upande wa kijivu. Dada yetu, ambaye ndiye mshika fedha, yuko upande wa buluu. Mimi nilitumwa kuzipanda zote mbili na kuandika nilichokiona, na haya ndiyo maandishi yenyewe, nikiwa nimeyapanua kidogo kwa ajili ya mtu mwingine anayekabiliwa na uchaguzi kama huu.

Boti za namna hii huitwa pantoni, neno ambalo Watanzania wengi wanalijua kwa vivuko: lile la Kigamboni, au, kwa watu wa mkoa wetu, lile la Ilagala linalovusha watu na magari katika Mto Malagarasi. Boti hizi ni ndugu wa mbali wa vivuko hivyo. Zilianzia katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale mkulima mmoja aitwaye Ambrose Weeres alipoweka jukwaa la mbao juu ya safu mbili za mapipa ya chuma yaliyochomelewa pamoja, akitafuta chombo kisichoyumba kama boti za kawaida. Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000, na mengi kati yake ni madogo kiasi kwamba mtu aliye ufukoni anamwona jirani yake wa ng'ambo akianika nguo. Kwa maji ya namna hiyo, jukwaa juu ya mapipa ni wazo zuri sana.

Ziwa letu si la namna hiyo. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina kinachofika mita 1,470, likiwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na limelala kutoka kusini kwenda kaskazini kama mfereji. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, una nafasi ndefu ya kulikuza wimbi kabla halijafika kwetu. Masika nayo yana dhoruba zake za ghafla, zinazotanguliwa na wingu jeusi na dakika chache za ukimya. Kwa hiyo swali ambalo muuzaji wa Marekani huwauliza wateja wake, la viti vingapi na rangi gani, hapa linapaswa kuja nyuma ya swali jingine: boti hii itarudije nyumbani saa tisa alasiri, ikiwa imejaa watu, upepo ukiwa umeinuka?

Hesabu ya maji

Boya moja la boti hizi lina kipenyo cha sentimita 64 na urefu wa mita kama 6.2 ukiondoa pua yake iliyochongoka. Ukikokotoa ujazo wake unapata karibu mita za ujazo 2, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, boya moja likizamishwa lote linaweza kubeba kilo zipatazo 2,000. Boti ya buluu ina maboya mawili, yaani uwezo wa kilo 4,000. Ya kijivu ina matatu, yaani kilo 6,000. Hapo ndipo kaka yangu aliposimamisha hesabu na kutangaza ushindi.

Hesabu, hata hivyo, inaendelea. Boti ya buluu, pamoja na injini, betri na mafuta, ina uzito wa kilo kama 1,200. Ukiwapandisha watu kumi wenye wastani wa kilo 75, jumla inakuwa kilo 1,950, na maboya yanazama karibu nusu: sentimita 32 chini ya maji na sentimita 32 juu yake. Boti ya kijivu ni nzito zaidi kwa kilo zipatazo 350, kwa sababu boya la tatu, mabano yanayolishika na injini kubwa vina uzito wake. Watu walewale wakipanda, jumla inakuwa kilo 2,300, lakini zinagawanywa kwa maboya matatu, na kila boya linazama sentimita kama 26 tu. Tofauti kati ya boti hizi mbili zikiwa zimepakia familia nzima ni sentimita 6 za alumini kavu.

Sentimita 6 si kitu unapokuwa umefunga boti gatini. Zinaanza kuwa kitu pale wimbi linapokuja, kwa kuwa boya la mviringo lina tabia ambayo jahazi au mtumbwi hauna. Ubavu wa mtumbwi unapanuka kuelekea juu, hivyo kadiri unavyozama ndivyo unavyozidi kukataa kuzama. Boya la mviringo hukataa hivyo mpaka linapofika nusu ya unene wake. Likivuka hapo, kila sentimita inayozama inapata msaada mdogo kuliko ile iliyotangulia. Boti ya buluu ikiwa na watu kumi imesimama hasa kwenye nusu hiyo. Kwa sababu hiyo namshauri yeyote anayechagua boti ya maboya mawili asiisikilize namba ya abiria inayotajwa na muuzaji. Aichukue na kupunguza watu wawili au watatu, kisha watakaobaki wagawanywe vizuri kati ya mbele na nyuma.

Safari mbili za Jumamosi

Niliipanda ya buluu kwanza. Tulikuwa wanane, tukatoka Kibirizi asubuhi ziwa likiwa limetulia kama mafuta, tukaipita rasi ya Bangwe na kushuka hadi fukwe za upande wa Katonga na Jakobsen, na mpaka hapo sikuwa na neno baya hata moja la kuiandikia. Mama yetu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuruka kutoka kwenye jiwe hadi ndani ya boti ya mbao, alitembea kuingia kwenye sitaha kama anayeingia sebuleni. Watoto walikimbia na hakuna kilichoyumba. Dada alitoa sufuria la wali, akaliweka sakafuni, na kifuniko hakikusogea.

Tuliondoka kurudi saa tisa kasoro, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Upepo ulikuwa umeinuka kutoka kusini na mawimbi yalikuwa yanatusukuma kwa nyuma. Shemeji na watoto wawili walikuwa wamekwenda mbele getini kupiga picha, na hilo lilikuwa kosa la pili. Boti ilipoteremka kutoka mgongoni mwa wimbi moja, nahodha, ambaye ni mimi, aliogopa mwendo na kukata mafuta ghafla, na hilo lilikuwa la tatu. Boti ya maboya inapopunguziwa mwendo ghafla huinamisha pua, na pua zetu mbili zilichimba wimbi lililokuwa mbele. Maji yalipanda juu ya sitaha, yakapita chini ya geti, yakalowesha miguu ya watu wote hadi kwenye usukani, kisha yakatokea nyuma yenyewe kwa kuwa sitaha bapa haina mahali pa kuyashikilia. Hatukuwa katika hatari kubwa. Lakini watoto walilia, na mama hakusema neno hadi tulipofunga kamba.

Jumamosi iliyofuata tulifanya safari ileile kwa boti ya kijivu, tukiwa wanane tena, na kwa bahati upepo wa alasiri ulikuwa unafanana na ule wa wiki iliyotangulia. Safari hii niliwakalisha watu katikati na nyuma, niliinua injini kidogo ili pua zipande, na sikuugusa mwendo kwa pupa, kwa hiyo ni haki kusema kwamba sehemu ya tofauti niliyoiona ilitoka kwa nahodha aliyejifunza. Hata hivyo boti yenyewe ilikuwa tofauti. Boya la katikati, ambalo limefungwa chini kidogo kuliko yale ya pembeni, lilikuwa linalipokea wimbi mapema na kuliinua jukwaa kabla pua hazijachimba. Tulirudi miguu mikavu. Kitu ambacho sikukitarajia ni namna inavyokata kona: ya buluu hugeuka ikiwa bapa, wakati ya kijivu, kwa sababu ya boya lake la katikati, huinamia ndani ya kona kama pikipiki. Vijana waliipenda tabia hiyo. Mama alishika kiti kwa mikono miwili na kuuliza kama ile nyingine ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Kabla hatujaendelea, niseme jambo ambalo wauzaji wote wawili hawatalisema. Boti ya mbao ya hapa Kigoma, yenye pua iliyoinuka na mbavu za juu, inalimudu wimbi kubwa kuliko hata hii ya kijivu. Mafundi wetu walishaijua pia faida ya kuunganisha vyombo viwili: ukisimama Kibirizi jioni utaviona vyombo vya dagaa vilivyofungwa pamoja kwa miti mirefu, vikitoka na taa zao, ili viwe jukwaa pana la kunyanyulia wavu. Wazo la maboya si geni kwetu. Lakini wavuvi wale wanatumia magogo na mbao zenye pua, na wanalijua anga kuliko sisi.

Injini na mafuta

Kwa kanuni ya kukadiria, injini ya petroli ya boti ikifunguliwa hadi mwisho hula kiasi cha lita 22 kwa saa ikiwa ya farasi 60, na lita 33 au 34 ikiwa ya farasi 90. Kwa mwendo wa wastani kiasi hicho hupungua karibu nusu. Dada aliposikia hivyo alifunga daftari. Lakini ulaji wa saa moja hautoshi kulinganisha, kwa sababu boti mbili hazisafiri umbali mmoja ndani ya saa hiyo. Kwa kipimo cha simu, ya buluu ikiwa na watu wanane ilifika kilomita 27 kwa saa, na ya kijivu kilomita 38. Ukigawanya, ya buluu inatumia lita 0.8 hivi kwa kilomita, na ya kijivu karibu 0.9. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosemwa, na inaongezeka tu pale mwenye boti anapoanza kwenda mbali kwa sababu anaweza kufika. Mwenye kutaka kuigeuza kuwa shilingi azidishe kwa bei kikomo ya petroli ya Kigoma inayotangazwa na EWURA kila mwezi.

Jambo la kuchunga zaidi ni kwamba boya la tatu halina maana bila injini inayolifaa. Tumeambiwa kuna mtu anayeweza kutuuzia boti ya kijivu bila injini, kwa bei ya chini, ili tuifunge injini ya farasi 60 au hata ile ya 40 ambayo wavuvi wengi wanaitumia. Hiyo ni biashara mbaya. Boti hiyo itakuwa nzito zaidi kwa boya zima, haitapata mwendo wa kuinuka juu ya maji, na faida ya boya la katikati itabaki ile ya kuelea tu. Kwa pesa hiyo ni bora mara kumi kuwa na maboya mawili na injini inayotosha. Mguu wa injini nao lazima uwe mrefu, kwa kuwa ubao wa kufungia injini wa boti hizi uko juu. Injini ya mguu mfupi huvuta hewa kila wimbi linapopita, na propela huzunguka bure.

Injini zote mbili ni za kisasa, zisizochanganyiwa oili na petroli, zenye kupuliza mafuta kwa umeme. Hazina moshi, hazina kelele, na mtu anaweza kuzungumza na jirani yake bila kupaza sauti. Lakini mafundi wa mwaloni wamelelewa kwenye Yamaha za kuchanganya oili, ambazo wanaweza kuzifungua na kuzifunga gizani, na injini hii ya kupuliza mafuta kwa umeme inapogoma katikati ya ziwa hakuna anayeweza kuisaidia kwa bisibisi na plagi mpya. Kwa hiyo nimeweka kwenye hesabu ya boti zote mbili injini ya akiba ya farasi 15, ya aina ile ambayo kila fundi anaijua. Dada alipoiona bei yake aliuliza kama tunaanzisha kampuni ya usafirishaji. Nilimjibu kwamba kwenye maji yenye kina hiki, boti yenye injini moja iliyozimika ni jukwaa linaloelekea Kongo.

Kuhusu uvuvi

Hapa boti ya kijivu inaonekana kushinda kwa macho. Ina viti vinne vya kuzunguka vya wavuvi, viwili mbele na viwili nyuma, vishikio vya fimbo kwenye kingo, kipima kina chenye kioo, na tangi la maji linalopitisha hewa kwa ajili ya kuwaweka samaki wakiwa hai. Ya buluu ina makochi yaliyozunguka sitaha karibu yote, na viti viwili tu vya kuvulia kule nyuma.

Tangi la samaki hai, kwa maoni yangu, ni kitu kilichosafiri kutoka nchi nyingine bila kuulizwa. Limetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoshindana kuvua, wanaopima samaki na kumrudisha majini. Sangala au mgebuka aliyetolewa kwenye kina cha makumi ya mita hupanda na kibofu chake cha hewa kikiwa kimevimba, na kumweka kwenye tangi ni kumcheleweshea tu sufuria. Kwetu sanduku la barafu ndilo tangi. Kipima kina, kwa upande mwingine, ni kitu cha maana sana hapa, kwa kuwa ufuko wa Kigoma huteremka ghafla. Karibu na miamba unaweza kuwa umbali wa kutupa jiwe kutoka nchi kavu na chini yako kuna kina kinachozidi kamba yoyote uliyonayo. Kifaa hicho, hata hivyo, kinanunuliwa na kufungwa kwenye boti yoyote, na hakipaswi kuamua ununuzi wa boti nzima.

Kuteremka huko kwa ghafla kunaleta tatizo ambalo boti zote mbili zinalo kwa kiwango kinachokaribiana. Ili nanga ishike vizuri, kamba inatakiwa iwe mara tano au zaidi ya kina. Kwenye mita 30 unahitaji mita 150, na hakuna atakayeivuta kwa mikono mara tatu asubuhi moja. Mvuvi wa mshipi kwenye boti ya maboya kwa hiyo huvua akisukumwa, na kingo pamoja na turubai vinafanya kazi ya tanga. Dawa ni kukunja turubai na kushusha majini gunia au ndoo iliyotobolewa ili kupunguza mwendo. Ya kijivu ni nzito zaidi na inasukumwa polepole kidogo. Ya buluu ina kingo fupi zaidi upande wa nyuma, na ni rahisi zaidi kumpandisha samaki mkubwa kama kuhe bila kumwinua hadi kifuani. Sikuona mshindi.

Kuna suala la msimu pia. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na kabla ya kushusha mshipi wowote katika miezi hiyo ni lazima kuuliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Miezi hiyo ndiyo pia yenye upepo mkali. Maana yake ni kwamba wakati ambapo boya la tatu lina faida kubwa kuliko wakati mwingine wowote ni wakati ambapo sababu moja kati ya zetu mbili za kutoka inaweza kuwa haipo.

Yaliyofichika ndani ya maboya

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hawakuwahi kupanda chombo kisicho na ngama, yaani pale chini panapotuama maji ya kutekwa. Katika mtumbwi au jahazi maji yanayovuja unayaona, unayateka na kuyamwaga. Katika boti ya maboya maji yanayovuja yanaingia ndani ya mrija uliofungwa, hayaonekani na hayasikiki, na dalili ya kwanza ni kwamba boti imelala upande mmoja na inakunywa mafuta kuliko ilivyozoea. Viwanda vinavyojali hugawa boya kwa kuta za ndani kuwa vyumba kadhaa, ili tundu moja lisizamishe boya zima, na hilo ni swali la kwanza la kumuuliza muuzaji. Boti zetu zote mbili zina vyumba vitatu kwa kila boya, kwa mujibu wa karatasi zake.

Kwa upande huu ya buluu ina faida ya wazi: maboya mawili yana maungio machache ya kukagua, na yote mawili yako pembeni ambako jicho linafika. Boya la katikati la kijivu liko kivulini, karibu na propela, na ndilo linalogusa kwanza mchanga, jiwe au kisiki. Maji ya ziwa yalivyopanda katika miaka ya karibuni yamefunika mawe, miti na misingi ya kuta ambayo zamani ilikuwa nchi kavu, na boya la alumini lina unene wa milimita 2 hadi 2.5 tu. Nililala chali chini ya boti ya kijivu na tochi, nikakuta mkwaruzo mrefu kwenye boya hilo, usiopenya, ambao mwenye boti alisema haujui. Huenda ni kweli.

Maji yetu si ya chumvi, lakini yana magadi kidogo, pH yake ikiwa kati ya 8.6 na 9.2, na alumini haipendi magadi. Ngozi nyembamba ya oksidi inayoilinda hudhoofika katika maji ya namna hiyo, hivyo boti inayoachwa majini mwaka mzima itapata madoa na mashimo madogo mapema kuliko ile inayotolewa na kuoshwa. Rangi ya kuzuia ukoga yenye shaba isipakwe kamwe juu ya alumini, maana shaba huila. Vile vipande vya zinki vinavyouzwa Dar es Salaam kwa boti za baharini havifai sana kwenye maji baridi. Vitafutwe vya aloi ya alumini. Kuitoa boti majini kunahitaji trela, na hapa tena ya buluu ni nyepesi: gari la kawaida la kazi linaivuta, wakati ya kijivu inahitaji trela yenye vitako vya maboya matatu, ambayo haimo kwenye bei tuliyopewa.

Sakafu zote mbili ni za plaiwudi ngumu ya milimita 19 iliyofunikwa zulia la plastiki. Mtu avue viatu na akanyage kila hatua, hasa kuzunguka skrubu na chini ya makochi, panapobonyea pameoza. Ya buluu inabonyea sehemu moja karibu na geti la nyuma. Hilo tumelitumia kwenye bei.

Karatasi

Boti yoyote kati ya hizi lazima isajiliwe na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kabla ya kubeba familia, na idadi ya watu itakayoandikwa kwenye cheti ndiyo itakayofuatwa, si ile iliyobandikwa na kiwanda. Jaketi okozi ziwe kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu anapoanguka majini. Anayefikiria kuchukua abiria wa kulipa ili boti ijilipie ajue kwamba hapo anaingia kwenye masharti mengine, na mimi sikuyatafuta kwa sababu familia ilishakataa.

Ninavyoona

Kama familia ina nia ya kufika Gombe mara kwa mara, umbali usiopungua kilomita 16 kaskazini mwa mji kwenye ufuko ulio wazi kwa ziwa lote, na kurudi siku hiyohiyo, basi ya buluu isitazamwe tena. Safari hiyo inataka boti ya kijivu pamoja na injini yake ya farasi 90, inataka kuondoka kabla jua halijapanda, na inataka nahodha mwenye moyo wa kulala hukohuko anapoona mawimbi yameweka vilele vyeupe. Boya la tatu litampa nafasi zaidi ya kukosea. Hatari yake ni kwamba litampa pia ujasiri.

Lakini nilipowauliza ndugu zangu, mmoja mmoja, wataje safari walizofanya ziwani miaka miwili iliyopita, zilikuwa kumi na moja, na tisa kati yake ziliishia ndani ya ghuba au kwenye fukwe za Katonga. Gombe ilitajwa mara mbili, na mara zote mbili tulikodi boti ya mbao pamoja na nahodha wake Kibirizi, tukarudi salama na bila kubishana. Kwa matumizi ya namna hiyo nachagua ya buluu, watu saba badala ya kumi, na kurudi nyumbani kabla ya saa saba mchana. Tofauti ya bei inanunua injini ya akiba, kipima kina, jaketi za watu wote na trela, na bado inabaki ya kukodi boti ya mbao kwa ajili ya Gombe kwa miaka kadhaa.

Kaka hajakubali. Anasema nimeilinganisha boti nzuri na boti yenye nahodha mbaya, na kuhusu ile Jumamosi ya kwanza hana makosa. Tumekubaliana kwamba muuzaji wa buluu aitoe boti majini Jumamosi ijayo, kila chumba cha boya kijazwe upepo kidogo kwa pampu ya mkono, na maungio yote yapakwe maji ya sabuni. Povu likitoka popote, dada ameahidi kulifungua tena daftari kwenye ukurasa wa kijivu.